Picha elfu tatu, maswali matatu: jinsi sehemu ya kuchambua picha inavyotakiwa kutengenezwa

Watu wengi wakisikia programu ya picha wanawaza kuediti tu, kung'arisha, kubadili rangi, kutoa chunusi, lakini muulize mpiga picha yeyote wa harusi hapa Arusha au Moshi kazi inayomla usiku mzima ni ipi, atakwambia ni kuchambua. Yani kukaa mbele ya laptopu na picha elfu mbili au tatu za sendofu na harusi afu kuamua ipi inabaki na ipi inaachwa. Kuediti picha mia nne zilizochaguliwa vizuri ni kazi kweli ila ina mwisho unaouona, kuchambua vibaya ndo hakuna mwisho maana unasahau ulishaamua nini, unarudi nyuma, unaangalia ileile mara ya tatu, inafika saa nane usiku bado uko kanisani na ndafu hujaifikia.

Nimekuwa nikifuatilia hizi programu kwa upande wa wanaozitengeneza na upande wa wanaozitumia, na naamini kabisa kwamba shida kubwa sio uvivu wa mpiga picha wala laptopu ya zamani peke yake. Shida ni kwamba kuchambua ni maswali matatu tofauti, na programu nyingi zinakuwekea vifaa vya kujibu yote matatu kwa mpigo bila kukwambia kipi kinajibu nini.

Chukua Lightroom ya Adobe, iliyotoka 2007 na ndo inatumika sana mtaani. Ukibonyeza P picha inapata bendera ya kuchukuliwa, X inakataliwa, U inaondoa bendera. Namba 1 mpaka 5 zinaweka nyota. Namba 6 mpaka 9 zinaweka rangi, nyekundu, njano, kijani, bluu, na zambarau ipo ila haina namba. darktable ambayo ni ya bure nayo ina nyota, ina R ya kukataa na ina F1 mpaka F5 za rangi. digiKam, ya bure pia, ina zote tatu. Sasa picha moja inaweza ikawa na bendera ya kuchukuliwa, nyota mbili na rangi nyekundu kwa wakati mmoja. Hiyo picha ni nzuri au mbaya? Inaenda kwa mteja au haiendi? Programu haijui, na baada ya wiki mbili hata aliyeziweka hajui.

Maswali yenyewe ni haya. La kwanza, hii picha inabaki au haibaki. Hilo jicho linajibu ndani ya sekunde, mtu kafumba macho, fokasi imekosa, mhudumu kapita mbele ya kamera, basi. La pili, kati ya zilizobaki hii ni nzuri kiasi gani, na hili haliwezi kujibiwa mpaka la kwanza liishe kwa picha zote, kwa sababu huwezi kujua kama picha ya kukata keki ni ya nyota tano wakati hujaona nyingine kumi na tano za kukata keki zinazofuata. La tatu, picha hii imefika wapi kwenye kazi, inasubiri kueditiwa, imeshaeditiwa, mteja kaiomba, inaenda kwenye albamu. Jibu la tatu linabadilika kila siku wakati la kwanza likishajibiwa limejibiwa.

Bendera ni ya swali la kwanza, nyota za la pili, rangi za la tatu. Mtengenezaji akilielewa hili muundo wote wa skrini unabadilika. Raundi ya kwanza hakuna haja hata ya kuonyesha nyota, mtu apewe picha kubwa na vitufe viwili, inabaki na haibaki. Raundi ya pili ndo nyota zitokee, tena juu ya zile zilizobaki tu. Ukimwekea mtu nyota tano mbele yake kwenye raundi ya kwanza ataanza kujiuliza hii ni tatu au nne, na huo mjadala wa moyoni ukiuzidisha mara elfu tatu ndo usiku umeisha.

Kuna wapiga picha wazoefu ambao wanatumia nyota kwa kupanda ngazi, raundi ya kwanza kila iliyopona inapata nyota moja, raundi ya pili wanaangalia za nyota moja tu na nzuri zaidi zinapanda kuwa mbili, hivo hivo mpaka juu. Naipenda sana hii njia kwa sababu kila raundi ina swali moja tu, inapanda au inabaki hapo. Programu ikitaka kuisaidia iwe na kitufe kimoja cha kupandisha, sio lazima mtu akumbuke namba. Na kuna kitu kidogo hapa kinakera sana: umeweka kichujio cha kuonyesha za nyota mbili tu, unaishusha moja kuwa nyota moja, papo hapo inapotea skrini na nyingine inaruka kukaa mahali pake, mkono wako ulikuwa tayari unabonyeza tena. Picha iliyobadilishwa inatakiwa ikae palepale mpaka mtu mwenyewe asogee, hata ikififishwa kidogo kuonyesha kwamba haimo tena.

Afu kuna suala la sifuri. Picha isiyo na nyota ina maana gani? Inaweza kuwa hujaiangalia, inaweza kuwa umeiangalia ukaona haina cha kupewa. Hayo ni mambo mawili yaliyo mbali kabisa na programu nyingi zinayaonyesha sawa. Kwenye XMP, ule mfumo wa kuandika taarifa za picha ambao Adobe waliuleta 2001 na ukawa kiwango cha ISO mwaka 2012, kuna sehemu ya daraja ambapo 1 mpaka 5 ni nyota, 0 ni haijapewa, na -1 ni imekataliwa. Kwa hiyo kukataliwa kuna namba yake, ila "nimeiona, bado sijaamua" haina. Mtengenezaji mwenye akili anaongeza alama yake mwenyewe ya kuonwa, hata kama mtumiaji haioni, ili umeme ukikatika pale Sakina saa tatu usiku na kurudi saa sita, programu ikifunguka ikupeleke moja kwa moja kwenye picha ya kwanza ambayo jicho lako halijaigusa.

Tuje kwenye spidi, hapa nitakaa kidogo maana ndo roho ya kitu chenyewe. Jakob Nielsen aliandika mwaka 1993 kuhusu mipaka ya muda kwa binadamu anayetumia kompyuta: ikijibu ndani ya sekunde 0.1 mtu anahisi imetokea papo hapo, mpaka sekunde 1 mawazo yake hayakatiki ingawa anaona imechelewa, ikifika sekunde 10 ameshachukua simu. Piga hesabu, picha elfu tatu na kila moja inachelewa sekunde 1 ni dakika 50 za kukaa unasubiri tu, hujaamua chochote bado. Ikichelewa sekunde 0.1 ni dakika 5.

Kwa nini inachelewa? Faili la RAW sio picha bado, ni vipimo vya mwanga kutoka kwenye sensa, ile sehemu ya kamera inayopokea mwanga, na ili uione lazima programu ikokotoe rangi ya kila pikseli. Picha ya megapikseli 24 ni pikseli 6000 kwa 4000, ukiifungua kwenye memori inakula kama megabaiti 96 ukihesabu baiti nne kwa kila pikseli. Laptopu ya mtumba yenye RAM ya giga 8 ukiiambia ifanye hivo kila ukibonyeza mshale itakohoa. Ila karibu kila RAW ina JPEG ndani yake, yani picha ya kawaida iliyobanwa, ileile kamera inayotumia kukuonyesha picha kwenye kioo chake cha nyuma, na kuitoa hiyo ni haraka mno. Photo Mechanic ambayo wapiga picha wa magazeti na michezo wanaipenda ilijengea jina hapo, inakuonyesha JPEG ya ndani badala ya kukokotoa RAW. Na JPEG imehifadhiwa kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, kwa hiyo unaweza kuifungua kwa nusu, robo au thumni ya ukubwa wake bila kuikokotoa yote, na kwa kioo kidogo robo inatosha kabisa kwa kuanzia.

Angalizo tu, sio kila kamera inaweka JPEG kubwa ndani. Baadhi ya Sony za miaka ya nyuma zinaweka ya pikseli 1616 kwa 1080, inafaa kwa kuangalia sura ya jumla ila ukivuta karibu kuhakiki fokasi hakuna kitu, hapo programu lazima ikokotoe RAW yenyewe na ikwambie kwamba inafanya hivo. Na ile JPEG imeshawekewa rangi na mwanga na kamera, kwa hiyo picha inayoonekana imeungua kwenye shela la bibi harusi inawezekana kwenye RAW bado ina maelezo yote. FastRawViewer ilitengenezwa kwa ajili ya hilo, inakuonyesha mwanga wa RAW halisi. Kwa picha ya shela jeupe kwenye jua la saa saba Moshi hiyo tofauti ndo inaamua usitupe picha nzuri.

Kitu kingine ni kuandaa mapema. Ukiwa picha ya 200 programu iwe imeshafungua 201, 202, 203 na isiwe imetupa 199, maana watu wanarudi nyuma mara kwa mara kulinganisha. Na mtu akishikilia mshale kukimbiza, programu isijipange foleni ya kufungua zote alizozipita, iache zile, ifungue pale aliposimama.

Sasa kuna kosa moja la usanifu ambalo kwangu ni baya kuliko yote na linatokana na hii hii spidi. Umewasha ile hali ya kusogea yenyewe, kwenye Lightroom ni Caps Lock, ukibonyeza X picha inakataliwa na inayofuata inakuja. Bibi harusi kafumba macho, unabonyeza X. Skrini imeganda, bado unamwona aliyefumba macho. Unadhani kitufe hakijashika, unabonyeza X tena. Kwa ndani programu ilikuwa imeshahamia picha inayofuata, ile ambayo baba yake anamfuta machozi, na X ya pili imempata huyo. Hukuiona kabisa hiyo picha, na umeikataa. Skrini inakuja kuamka iko kwenye ya tatu na wewe unaendelea zako. Sheria hapa ni moja tu na haina mjadala, uamuzi unaenda kwenye picha ambayo jicho limeiona. Kama picha mpya haijachorwa bado, kitufe kisihesabiwe. Au bora zaidi, ionyeshe mara moja hata kile kijipicha cha pikseli 160 kwa 120 ambacho kamera nyingi zinakiweka kwenye EXIF, zile taarifa ambazo kamera inaziandika ndani ya faili la picha, kiwe na ukungu sawa tu, mtu ajue ameshahama.

Kusogea yenyewe kuna tatizo lingine dogo, ukishaweka alama picha imeondoka kwa hiyo huoni alama uliyoweka. Kitu kama "imekataliwa" kitokee pembeni kwa nusu sekunde kinatosha. Na Ctrl+Z isifute alama tu kimyakimya, ikurudishe kwenye picha yenyewe uione, maana mtu anabonyeza Ctrl+Z kwa sababu ameona kitu kwa kona ya jicho na anataka kuhakiki. Vitufe navyo, P iko kulia mwisho na X iko kushoto chini, kwa mtu anayetumia mkono mmoja huku mwingine uko kwenye mausi ni safari ndefu ya kidole, basi mtu aachwe achague vitufe vyake mwenyewe.

Tukija kwenye kulinganisha, hapa picha za kwetu zina tabia yake. Harusi ya kichaga, ukoo mzima umepangwa kwenye ngazi za kanisa, watu hamsini na kitu, mpiga picha anapiga mara tisa kwa sababu anajua lazima mmoja afumbe. Na kweli, ya kwanza shangazi kafumba, ya pili mtoto kageuka, ya tatu wote safi isipokuwa bwana harusi anaongea. Ukiwa na kioo cha pikseli 1366 kwa 768, picha ya megapikseli 24 ikienea kimo chote cha kioo inakuwa pikseli 1152 kwa 768, yani kila pikseli 27 zimebanwa kuwa moja, huwezi kuona jicho la mtu wa mstari wa nyuma hata uwe na macho ya mwewe. Kwa hiyo unavuta karibu, unaangalia shangazi, unahamia picha ya pili, na programu mbaya inarudisha kwenye picha nzima, unavuta tena, unamtafuta shangazi tena. Mara tisa. Programu nzuri inaweka picha mbili ubavuni na ukivuta moja nyingine inavutwa palepale, ukiisogeza moja nyingine inafuata. Kuna zinazoenda mbali zaidi, Narrative Select kwa mfano inakata sura za watu na kuzipanga pembeni uzione kwa ukaribu bila wewe kuvuta chochote, na kwa picha za ukoo hii ni rehema.

Namna ya kulinganisha yenyewe ipo pia. Ukimwekea mtu picha tisa kwa pamoja anachanganyikiwa, ukimwekea mbili mbili anaamua haraka, iliyoshinda inabaki kushoto na mpinzani mpya anakuja kulia mpaka ziishe. Ila hizi nane zilizoshindwa zisiandikwe zimekataliwa. Hazina kosa, hazikuchaguliwa tu, na mama mwenye harusi akiuliza kesho kama kuna nyingine unataka uzipate bila kuzichanganya na zile za mhudumu aliyepita mbele.

Kupanga makundi yenyewe kunafanyika kwa muda wa kupigwa, picha zilizofuatana ndani ya sekunde chache ni tukio moja. Ukienda na kamera inayopiga picha 20 kwa sekunde kule Kogatende, Serengeti, nyumbu wanavuka Mto Mara, nusu dakika tu ni picha 600, na bila makundi huwezi hata kuanza. Hapa mtengenezaji awe makini na mambo mawili. Muda wa kawaida wa EXIF unaishia kwenye sekunde, sehemu za sekunde zimeandikwa mahali pengine, asipozisoma picha 20 za sekunde moja zitajipanga hovyo. Na harusi nyingi zina wapiga picha wawili, saa za kamera zao hazilingani, mmoja amebadilisha betri saa ikarudi nyuma, kwa hiyo lazima kuwe na njia rahisi ya kusema picha hii ya kamera A na hii ya kamera B ni sekunde ileile, afu programu isogeze zote.

Sio kila kazi inafanana lakini. Kilimanjaro Marathon pale Moshi, mpiga picha wa pembeni ya barabara haangalii kama picha ni ya nyota nne, anachotaka ni namba ya kifuani isomeke na sura ionekane, kila mkimbiaji ni mteja wake. Kwa kazi ile nyota hazina kazi yoyote na programu ikizilazimisha inamchelewesha.

Baada ya kuamua, uamuzi ukae wapi? Lightroom na darktable zote zinatunza kwenye databesi ya SQLite, ambayo imejengwa ili kazi iandikwe yote au isiandikwe kabisa hata umeme ukikatika katikati, na kwa sisi hiyo sio anasa. Uamuzi uandikwe hapohapo kitufe kinapobonyezwa, isingoje mtu abonyeze hifadhi. Lakini databesi iko kwenye laptopu moja. Kama anayechambua yuko Moshi na anayeediti yuko Njiro, kinachosafiri ni mafaili ya pembeni ya XMP, na hapo ndo vitu vinapotea njiani. Kwa miaka mingi bendera za Lightroom zilikaa kwenye katalogi tu, yani ile databesi yake, nyota na rangi zinasafiri, bendera inabaki nyumbani. Rangi nazo zimeandikwa kama neno, sio kama rangi, Bridge, programu nyingine ya Adobe, kwa kawaida nyekundu inaiandika "Select", yani iliyochaguliwa, wakati Lightroom inaandika jina la rangi yenyewe, kwa hiyo ukihama kutoka moja kwenda nyingine rangi hazitambuliki. Majina ya mafaili pia, Lightroom inaandika IMG_1234.xmp na darktable inaandika IMG_1234.CR2.xmp, darktable huliangalia la Lightroom wakati wa kuingiza picha, ila Lightroom hailioni la darktable hivi hivi. Ushauri wangu kwa anayetengeneza programu leo, soma yote mawili, andika kwa namna ambayo wengine wanaisoma, na jibu la swali la kwanza liandike kama daraja kwenye XMP ili lisiachwe nyuma. Na anayepiga RAW na JPEG kwa pamoja apewe uamuzi mmoja kwa jozi, sio aamue mara mbili.

Sasa hivi kila mtu anaongelea programu za akili bandia zinazochambua zenyewe, Aftershoot na wenzake. Zinasaidia, sikatai, hasa kupanga makundi. Ila kuna vitu vya kwetu ambavyo mashine isiyofundishwa vizuri itavikosea. Kipimo cha kawaida cha fokasi ni kuhesabu ukali wa kingo kwenye picha. Shuka ya kimasai yenye mirabaraba myekundu na myeusi ina kingo kali kila mahali, kwa hiyo mzee wa Monduli aliyekaa mbele ya kamera shuka ikiwa kwenye fokasi na sura yake ikiwa na ukungu anaweza kupata alama za juu, wakati bwana harusi mwenye suti nyeusi kwenye ukumbi wenye taa hafifu, macho yake makali kabisa, anapata alama za chini kwa sababu kingo ni chache. Kipimo kifanyike kwenye macho, sio picha nzima. Macho yaliyofumba nayo sio kosa siku zote, wazazi wanapoweka mikono juu ya maharusi na kuwaombea ukumbi mzima umefumba macho, na hiyo ni picha ambayo familia itaiweka ukutani.

Na ngozi. Utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru wa mwaka 2018 ulipima mifumo ya kampuni kubwa inayotambua jinsia kwa kuangalia sura, kwa wanawake wenye ngozi nyeusi kosa lilifika asilimia 34.7 na kwa wanaume wenye ngozi nyeupe halikuzidi asilimia 0.8. Ilikuwa ni kazi nyingine, sio kuchambua picha, lakini inatuonyesha mashine iliyofundishwa kwa sura za wengine inavyotuona sisi. Kwa hiyo mashine ipange, ipendekeze, iseme kwa nini, "macho yamefumba", "fokasi iko nyuma ya sura", ila bendera ya kukataa iwekwe na mtu.

Kuna hatua moja ambayo programu nyingi hazijaifikiria kabisa na hapa kwetu ndo inakula muda, mteja kuchagua. Wenzetu wanatuma linki ya gale, yani ukurasa wa picha mtandaoni, sisi ni WhatsApp. Na picha ikitumwa WhatsApp kama picha inabanwa, taarifa zake zote za ndani zinaondolewa, jina linabadilika linakuwa IMG ikifuatiwa na tarehe na WA na namba, kwa hiyo nyota na jina la faili vyote vimekufa njiani. Mama anakurudishia picha ya skrini, "mwanangu, nataka hii, na ile niliyokaa na dada yangu wa Marangu, ila ile aliyocheka", na wewe unajibu "sawa mama, shikamoo" huku unaanza kumtafuta dada wa Marangu kwenye picha elfu. Ukituma kama dokumenti jina na taarifa vinabaki, lakini kifurushi cha intaneti cha mama kitaisha kabla hajamaliza kufungua.

Suluhisho sio gumu. Wakati wa kutoa picha za kuonyesha, programu iandike namba kubwa kwenye kona ya picha yenyewe, namba fupi ya tarakimu tatu au nne ambayo ni ya kazi hii tu, sio namba ya kamera, maana kamera ikifika 9999 inaanza upya na kamera mbili zinaweza kuwa na DSC_0412 mbili. Afu ndani ya programu kuwe na kisanduku cha kubandika meseji ya mteja kama ilivyo, "014, 022 na ile ya 107 tafadhali mwanangu", programu itoe namba, ichague picha hizo, iziwekee rangi ya "mteja kaomba". Hilo ni swali la tatu, sio la kwanza wala la pili, na ndo maana rangi ilitakiwa iachwe wazi tangu mwanzo.

Mwisho ni kufuta, na kufuta ni lazima, RAW elfu tatu za megabaiti 30 ni giga 90 kwa harusi moja na hadi diski sio bure. Kukataa na kufuta viwe mbali kabisa. X isiguse faili, iifiche tu. Kufuta kuwe hatua ya peke yake, baada ya kazi kukabidhiwa, na programu ikwambie ni picha ngapi na giga ngapi kabla haijagusa kitu. Na kwa sababu tayari inajua makundi ya matukio, iangalie kama kuna kundi ambalo likifutwa halitabaki na picha hata moja, pengine ni ile ndafu inaingia ukumbini na zote nne zilikuwa na ukungu, iyaonyeshe hayo makundi kwanza mtu ayaone kwa macho yake, afu ndo iulize kama ifute.